Mtani Agombea Udiwani

Tulimwacha Mfaume juu ya kreti la soda, katikati ya soko la Ipuli, koti limefumuka kwapani.

Kwa aliyepitwa, Mfaume ni fundi cherehani, mjukuu wa Mzaramo aliyefuata msafara kutoka Bagamoyo akakwama Tabora kwa ajili ya mapenzi. Hivyo ndivyo asemavyo Mfaume. Wengine husema babu alikwamishwa na donda la mguu. Hata hivyo mjukuu alipanda kreti, akatangaza kwamba anautaka udiwani wa Ipuli katika Baraza la Mji, akanyanyua mkono kuapa kwamba ataleta bomba la maji, na koti aliloshona kwa mikono yake mwenyewe likafumuka kuanzia kwapa hadi kiunoni. Soko zima likaanguka kwa kicheko.

Koti lilishonwa upya siku ile ile. Kicheko hakikushoneka.

Haya nayaeleza kama alivyonisimulia mwenyewe, na aliniapisha nisifiche hata pale anapoonekana mjinga. Basi sifichi.

Asubuhi iliyofuata alirudi sokoni, akapanda kreti lile lile, safari hii akiwa na shati tu.

"Ndugu zangu," akaanza, "soko letu halina choo."

"Jamani!" akadakia Mahona, mrina asali, mtu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. "Mzaramo anatafuta nyumba ya kuhamia!"

Watu wakapasuka.

"Nataka taa, kutoka kisimani mpaka hapa sokoni."

"Ili aone vizuri anapoiba kuku!"

"Nataka nyumba ya wazazi. Mke wa mtu asijifungulie njiani akipelekwa hospitali."

Hapo bibi mmoja muuza karanga akaacha mizani yake, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mtani huyu," akasema akihema, "ataniua mimi, nawaambieni."

Na hapo ndipo penye shida yote, msomaji wangu. Ipuli ni ya Wanyamwezi. Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara, wapagazi waliposhuka pwani na meno ya tembo wakalala kwa Wazaramo, wakaibiana, wakatukanana, wakazikana. Mtani akikutukana hununi. Akikunyang'anya kuku huendi barazani kushtaki. Na akisema neno, unacheka. Usipocheka umemvunjia heshima yeye na babu yake.

Kwa hiyo watu wa Ipuli hawakuwa wanamdharau Mfaume hata kidogo. Walikuwa wanampa heshima yake, kwa mbavu zao zote.

Alirudi nyumbani amejikunja. Mkewe Mwanahawa alikuwa anaingia uani na debe kichwani.

"Baba Siwema, umewaambia habari ya taa?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamecheka."

"Na nyumba ya wazazi?"

"Hapo wamelia kwa kucheka."

Mwanahawa alilitua debe. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. "Haya ndiyo yaliyobaki kisimani kwetu," akasema. "Kiangazi kikikaza tutakunywa udongo. Kuna la kuchekesha hapo?"

"Si maji yanayowachekesha, Mama Siwema. Ni mimi."

Kulikuwa na ukweli mwingine ambao Mfaume hakuutangaza juu ya kreti. Choo cha soko, taa, nyumba ya wazazi, bomba, mawazo yote hayo yalianzia katika kichwa kile kile kilichovaa ngata. Mwanahawa aliyasema usiku akipepea moto, na Mfaume aliyabeba asubuhi kwenda sokoni. Hakuona ubaya. Mke hubeba maji, mume hubeba maneno.

Alilotaka Mfaume duniani lilikuwa moja tu: aseme jambo mbele ya Ipuli, na Ipuli isicheke.

*

Akamwendea Bibi Apolinaria, dada yake Mahona, mjane wa Kikatoliki anayejua mila zote za Unyamwezi na anayekumbuka nani hakuzifuata. Alimkuta barazani anakata viazi vya kuanika, vya michembe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mla nazi. Umekuja kuiba viazi?"

"Bibi, leo sitanii."

Bibi Apolinaria alicheka hadi kisu kikamponyoka.

"Bibi, nataka kuacha utani."

"Kuacha?" Alimtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. "Utani si kazi ya Reli, mwanangu, kwamba unaandika barua ya kuacha unakwenda zako. Umezaliwa nao, utazikwa nao. Na sisi ndio tutakaokuzika, tena tutakutukana mpaka kaburini."

Mfaume akainama. Bibi akaendelea kukata viazi. Nadhani alimwonea imani, maana alisema bila kuinua uso:

"Lakini kuna mahali mtani anaposema na watu wakatii."

"Wapi, Bibi?"

"Matangani."

Ni kweli tupu. Siku ya kuanua tanga, mtani huja akaketi juu ya mfuniko wa chungu, au akajilaza mlangoni pa jiko, na chakula hakitoki mpaka apewe anachotaka. Kwa kawaida hupewa jogoo, akaondoka akiwatukana. Lakini asipopewa, hakuna anayekula. Hata padri hali.

Mfaume alisimama. Nitasema kweli: kitu cha kwanza alichofanya ni kuwapitia wagonjwa wote wa Ipuli kichwani mwake, mmoja mmoja, kwa matumaini. Halafu akaona haya.

"Huna haja ya kumwombea mtu afe," akasema Bibi, aliyemsoma usoni kama kitabu cha sala. "Kaka yetu Raymundi alifia Usinge kabla ya mavuno. Tanga tunaanua Jumamosi hii, hapa hapa uani kwangu. Njoo. Ila mimi sikukwambia kitu."

Mfaume aliondoka pale anarukaruka. Mzee mzima, fundi wa mji, anarukaruka barabarani na viatu vyake. Waliomwona walicheka, na safari hii akacheka nao.

*

Jumamosi ua wa Bibi Apolinaria ulijaa. Watu walitoka Choma, walitoka Usinge, walitoka mjini. Ng'ombe alikuwa ameshakatwa na wali ulikuwa unaiva. Harufu ilikuwa inawatoa watu kwenye sala.

Mahona, kama msemaji wa ukoo, akatoa amri: "Haya, kina mama, pakueni."

Kina mama wakageuka. Mlangoni pa jiko alikuwa amelala Mfaume, chali, mikono kifuani, macho ameyafumba.

"Mayo wee!" akapiga kelele mmoja. "Marehemu amerudi!"

Ua ukacheka. Mahona akaja mbio huku akitabasamu, jogoo mwekundu chini ya kwapa. Alikuwa amemweka tayari tangu asubuhi, maana tanga bila mtani ni tanga chapwa.

"Haya, Mzaramo, chukua chako utupishe. Usimle na manyoya yake tu, maana najua ukoo wenu."

"Sitaki jogoo," akasema Mfaume, macho bado amefumba.

"Nikuongeze kuku jike?"

"Sitaki."

"Mbuzi, basi! Mnyonyaji mkubwa wewe!"

"Sitaki mbuzi."

Watu wakasogea. Utani huu ulikuwa unanoga kuliko walivyotarajia.

"Unataka nini, mtani?"

Mfaume akafumbua jicho moja. "Nataka mtaro."

"Nini?"

"Mtaro wa bomba. Kutoka kwenye bomba la stesheni mpaka sokoni kwetu. Bwana wa maji alishasema mabomba anayo ghalani, kilichokosekana ni watu wa kuchimba. Ninyi si wapagazi? Babu zenu walibeba pembe mpaka baharini. Mtashindwa kubeba majembe mpaka stesheni?"

Jamani, walicheka! Walicheka hadi wengine wakashika kuta. Mzee mmoja wa Choma aliomba aelezwe tena, akaelezwa, akacheka peke yake.

Mfaume aliendelea kulala, kaziba mlango.

"Haya, umeshatuchekesha," akasema Mahona. "Chukua jogoo."

"Mtaro."

"Nusu ya mtaro?"

"Mtani, deni la utani huwa linapunguzwa?"

"Kidogo hupunguzwa, bwana wee! Ndiyo raha yake!"

"Langu halipunguzwi hata kidogo."

Basi wakabishana, na wakabishana, mpaka kutoka ndani ya jiko ikatoka harufu nyingine.

"Wali unaungua!" akapiga ukelele Bibi Apolinaria, kwa sauti ya mtu asiyehusika na lolote.

Hapo watu wa Choma wakaacha kucheka. Walikuwa wametembea sana. "Mahona, mkubalie!" wakapaza sauti. "Mkubalie tule!"

"Tumekubali!" akanguruma Mahona. "Tutachimba! Tutachimba mpaka Kigoma! Ondoka mlangoni, mwana wa mwizi wa nazi!"

Mfaume akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akamwamkia kila mzee kwa adabu zote, akala sahani mbili za ukoko.

*

Wangeweza kusahau. Wazungu wanasema neno leo, kesho wanaandika jingine. Lakini deni la utani halisahauliki, maana ukilidharau, siku ya msiba wako hakuna atakayekuja kukuchekesha, na msiba bila kicheko, kwa watu wa Ipuli, ni mzigo usiobebeka.

Jumatatu asubuhi Mfaume alisikia nyimbo. Alitoka nje na sindano mdomoni. Wanaume wa Ipuli walikuwa wanapita na majembe begani, wakiimba nyimbo za kale za njiani, zile za kubebea mizigo, na kila kiitikio walikuwa wamelichomeka jina lake mahali pa tusi.

Walichimba wakicheka. Walichimba wakimtukana yeye, na mama wa babu yake. Kila aliyepata lengelenge alilileta cherehanini kwa Mfaume na kumwonyesha, naye alilikagua kwa uzito, akasema, "Hili dogo. Rudi ukachimbe." Kina mama wakawapelekea uji wa mtama. Mwanahawa ndiye aliyekuwa anawaonyesha mahali pa kupinda, penye mwamba na pasipo mwamba, maana njia ile miguu yake iliijua gizani.

Wiki haikuisha, mtaro ukafika sokoni. Bwana wa maji alikuja na baiskeli, akautazama, akavua kofia. Keshoye mabomba yakaletwa na kulazwa, udongo ukarudishwa, na mbele ya wauza karanga likasimama bomba moja jipya lenye koki inayong'aa.

Mfaume alilikumbatia. Akaicheza ngoma ya kwao pale pale, viuno na mabega, na soko likampigia makofi. Alikuwa na furaha ya kichaa. Usiku ule alimwambia mkewe, "Wamenitii, Mama Siwema! Ipuli nzima imenitii!"

"Koki umeifungua?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Lazima Baraza la Mji liamuru maji yaachiwe. Na atakayeliomba Baraza ni diwani wetu."

"Basi," akasema Mwanahawa, "usishindwe."

*

Siku ya kupokea majina ya wagombea, watu wa Ipuli walikwenda Bomani kama wanaokwenda arusini. Kina mama walivaa kanga mpya. Mahona alivaa viatu. Tangazo lilisema kila mgombea asimame na wadhamini wake mbele ya Bwana Shauri, yule afisa wa Kizungu wa wilaya, na kwamba honi ya karakana ya Reli ikilia saa sita, kitabu kinafungwa.

Bwana Shauri yule alikuwa mgeni, kijana, mwekundu kama nyanya. Kiswahili chake alikisoma kitabuni huko kwao, na kilikuwa sahihi kuliko cha mtu yeyote Tabora. Pembeni yake alisimama karani Tobias, mwana wa Wamoraviani, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali.

Akaitwa kwanza Mwalimu Shilinde. Huyu ndiye aliyekuwa mpinzani wa Mfaume, na alikuwa mtu wa heshima ambaye hakuna aliyewahi kumcheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumaliza kumsikiliza.

"Sina mengi," akasema Mwalimu. "Mambo ya taa na choo tutayaangalia. Na suala la maji lisiharakishwe. Maji yana taratibu zake."

Kina mama wakatazamana.

"Mfaume wa Ipuli!" akaita Tobias.

Mfaume akasogea, koti lake limeshonwa mara mbili kwapani. Wadhamini wake wakasimama nyuma yake, viganja bado vina malengelenge. Bwana Shauri akamwandika jina, akauliza, "Je, mtu huyu anagombea kwa hiari yake?"

Na hapo Mahona akajitokeza mbele.

"Bwana Mkubwa, naomba nafasi. Mtu huyu ni mtani wangu. Alitudai kwenye tanga, tukamlipa. Sasa zamu yangu."

Umati ukaanza kuchekacheka. Hili lilikuwa jema! Mbele ya Mzungu!

"Dai lako ni nini?" akauliza Mfaume, naye anatabasamu.

Mahona akapanua kifua. Alikuwa amelala na jambo hili wiki nzima, akilichekea shukani.

"Nakudai ujitoe!"

Boma liliripuka. Watu walicheka, askari wa zamu akacheka, hata Tobias mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja. Mahona akampiga Mfaume jicho. Lilikuwa jicho la kusema: nipe jogoo, tuondoke zetu. Kura yake ilikuwa ya Mfaume na kila mtu alilijua hilo. Alitaka jogoo tu, na kisa cha kuwasimulia wajukuu.

Mfaume akafungua kinywa aseme jogoo.

Badala yake akageuka nyuma.

Akavitazama viganja vya wadhamini wake. Yeye alikataa jogoo. Alikataa mbuzi. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba deni lake halipunguzwi hata kidogo, nao walilipa lote, mpaka sokoni. Leo ajikomboe yeye kwa kuku? Atakuwa mtani gani?

Kiburi, basi. Aliniambia mwenyewe: kiburi, na kicheko kile kilichokuwa kinampanda kichwani kama pombe.

"Nimelipa," akasema kwa sauti kuu. "Najitoa!"

Jamani! Watu walitupa kofia. Utani wa namna ile haukuwa umeonekana tangu reli ifike. Mahona alimkumbatia akimtingisha. Bibi Apolinaria aliketi chini, miguu kainyoosha, anacheka bila sauti.

Mtu mmoja tu hakucheka. Bwana Shauri alichovya kalamu wino, akaweka rula, akapiga mstari ulionyooka.

"Mfaume wa Ipuli amejitoa," akasema. "Jina lake limefutwa."

Kicheko kikafa kidogo kidogo, kuanzia mbele.

"Bwana Mkubwa," akasema Mahona, "ule ulikuwa utani."

"Utani ni kitu gani?"

Watu wote wakamtazama Tobias. Tobias akakohoa. "Ni... ni urafiki, Bwana. Wa watu wanaozikana."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Bwana."

"Je, alilazimishwa?"

Tobias alimtazama Mfaume, akamtazama Mahona. "Hapana, Bwana. Alidaiwa."

"Nimeuliza kama anagombea kwa hiari, naye amejibu mbele ya mashahidi kwamba anajitoa. Mimi huheshimu neno la mtu."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Maisha yake yote Mfaume alikuwa anamtafuta mtu mmoja wa kulichukua neno lake kwa uzito, na Mungu alikuwa amempa. Alimtoa Ulaya, akampa kalamu.

Mahona alijishika kichwa. "Mtani wangu! Mtani wangu, mimi nilitaka jogoo tu!"

"Najua," akasema Mfaume.

Mwalimu Shilinde alianza kufuta miwani yake, polepole, kama mtu ambaye hana tena haja ya haraka. Kina mama wakaona maji yao yakirudi stesheni. Mmoja akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha kicheko.

"Andika jina langu."

Watu wakageuka. Alikuwa Mwanahawa, kanga kaifunga kiunoni.

Bwana Shauri akainua uso. "Nawe ni nani?"

"Mwanahawa. Mnyamwezi wa hapa hapa Ipuli, kitovu changu kimezikwa kule. Si mtani wa Mnyamwezi yeyote kati ya hawa."

"Mgombea lazima awe na nyumba anayoilipia kodi ya mji."

"Nyumba nimeachiwa na mama yangu. Karani anaijua, kodi huwa nailipa kwake."

Tobias akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, Bwana. Hata yule aliyejitoa analala humo."

Bwana Shauri akaitazama saa yake. "Una lipi la kuwaambia watu wako? Kwa ufupi."

Mwanahawa hakupanda juu ya kitu chochote.

"Koki iko sokoni, haina maji," akasema. "Nikienda barazani nitaanza na hiyo. Nitaomba taa njia ya kisimani, maana mwaka jana Veneranda alivunjika mguu pale na debe likamwangukia. Nitaomba choo cha soko, maana tunaouza pale toka asubuhi ni wanawake, na vichaka vimekwisha. Na nyumba ya wazazi. Siwema wangu nilimzaa chini ya ukuta wa stesheni. Mnajua, maana ninyi wenyewe mlinizungushia kanga. Ni hayo."

Yalikuwa yale yale. Jambo kwa jambo, yale ambayo Mfaume aliyasema juu ya kreti wakamlilia kwa kucheka.

Hakuna aliyecheka. Muuza karanga alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mzee Mahona alikuwa anaitikia kwa kichwa, midomo kaibana, kama yuko kanisani.

"Mtoto huyu anasema kweli," akasema Mahona. "Kwa nini hatukuwahi kuambiwa mambo haya?"

Mfaume alisikia vizuri. Alilisikia kila neno. Moyo ulimvimba kwa fahari, maana yule ni mkewe. Na ndani ya fahari ile ile kikaingia kitu cha moto ambacho hakuwahi kukijua. Kilikuwa wivu. Hakuna jina jingine, na aliniambia nisilitafute.

"Wadhamini?" akauliza Bwana Shauri.

Wale waliokuwa nyuma ya Mfaume wakavuka, mmoja mmoja, wakaenda kusimama nyuma ya Mwanahawa. Wa kwanza alikuwa Mahona. Kina mama wakapiga vigelegele mpaka njiwa wa Bomani wakaruka.

Bwana Shauri akaandika jina. Akachukua karatasi ya kukaushia wino, akaishika hewani.

"Kwa sheria lazima niulize. Kuna mtu yeyote mwenye pingamizi?"

Tobias akawatazama watu wote.

Halafu mkono mmoja ukapanda, wenye koti lililoshonwa mara mbili.

Mfaume aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Hakuwa ameutuma. Alitaka kuushusha, na haukushuka.

Bwana Shauri akaiweka kalamu mezani. Mahona akageuka. Muuza karanga akageuka, Bibi Apolinaria akanyanyuka kutoka chini, Ipuli nzima ikageuka, na hakuna hata mtu mmoja aliyetabasamu.

"Sema, Baba Siwema," akasema Mwanahawa. "Tunakusikiliza."